Bundi wa Manchester na Karatasi ya Karanga

Jumatatu, kwenye kituo cha basi cha Wilmslow Road hapa Manchester, niliona bundi kifuani mwa mtoto wa shule. Bundi! Kwetu Tanga akilia juu ya paa watu hawalali, na hawa wamemshona kwenye koti. Nikamuuliza, mama yake akiwa kando, kwa nini bundi. Mtoto wa miaka kama 11 akajibu papo hapo: shule yetu ilianzishwa na Askofu Hugh Oldham mwaka 1515, na jina lake zamani lilitamkwa likianza na neno la Kiingereza la bundi, "owl". Basi likaja, akapanda.

Wiki nzima jibu lile halijaniacha. Shule yenyewe ni Manchester Grammar School, ya wavulana, ya kutwa. Zamani ilikuwa katikati ya mji, jirani na kanisa kuu, ikiendeshwa kwa mapato ya vinu vya nafaka vya Mto Irk. Ilihamia mtaa wa Fallowfield 1931. Yote hayo yameandikwa na yanasomeka.

Najua mtakachosema. "Huyo kishakuwa Mzungu." "Ile ni shule ya wenye nazo." Hilo la pili siwabishii: ruzuku ya serikali iliondolewa miaka ya 1970, na leo karo inapita pauni 10,000 kwa mwaka, ingawa wapo wanaosaidiwa. Mimi ninachowaonea gere ni karatasi tu.

Maana likizo iliyopita nilinunua karanga stendi. Nilipofungua kikaratasi nikakuta safu za majina kwa wino wa bluu: mtoto, mzazi, kazi ya mzazi. Mkulima, mkulima, mkata mkonge, mkulima. Juu, jina la shule yangu ya msingi. Daftari la uandikishaji! Nikamrudia muuza karanga mbio, akanionyesha jalada tupu. Alilinunua kwa kilo.

Na asiniambie mtu kwamba sisi hatuna historia. Tanga hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1900, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtambo wa chapa, na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likachapwa palepale shuleni. Wangekuwa nalo hawa wa Manchester, kila mtoto angeliimba. Nimewauliza wapwa zangu wanne, wote wamesoma Tanga. Hakuna aliyewahi hata kulisikia. Inaniuma, kwa kweli.

"Historia hailiwi, madawati kwanza." Nimeshaambiwa hivyo, tena na rafiki yangu mwalimu, ninayemheshimu. Basi sikiliza, ndugu yangu. Kanuni za mwanzo za shule ile ya Manchester, za karne ya 16, zinasema watoto wafundishwe bure, na mwalimu asipokee chochote, hata ile peni ambayo walimu wa zama hizo walizoea kudai msimu wa kupiganisha majogoo. Leo shule inatoza karo, na maandishi yapo. Yeyote anaweza kuyashika mkononi akawauliza imekuwaje. Kwetu ni mzee gani alitoa shamba la shule? Kwa masharti gani? Mpaka uliishia kwenye mwembe upi? Hatujui, na ndiyo maana uwanja wa mpira unamegwa kila mwaka na hakuna mwenye karatasi ya kubishia.

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza bado yu hai. Nimemtumia dada hela ya kaunta buku mbili, akae naye barazani kila Jumamosi, aandike anachokumbuka. Juzi kanirushia picha ya ukurasa wa kwanza: majina 14 ya waliofyatua matofali ya madarasa mawili ya mwanzo. Jina la saba lina alama ya kuuliza. Mwalimu kasema asiandikiwe kwa kubahatisha, atapita kwanza kwa mjane wake.