Watafiti wa popo, semeni na wenyeji kwanza

Juzi vijana wa kijiji kimoja kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, waliwasha majani mabichi chini ya mwembe, wakafukiza popo mpaka wakaanza kuanguka, wengine watoto wao wamewang'ang'ania kifuani. Nilipouliza kulikoni, mzee mmoja alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, hata wale wataalamu wanaokuja usiku hawamshiki popo bila glovu na barakoa. Na wao wamesoma. Sisi tungoje nini?"

Jibu lile limeninyima usingizi, maana mzee hakufikiri vibaya. Wageni wanapita saa za magharibi na milingoti na nyavu za kunasia popo, tochi zinamulika msituni mpaka usiku wa manane, kisha gari linaondoka. Kijijini hakuna aliyeambiwa kitu. Watu watabaki na nini, kama si hofu?

Glovu ni lazima, sibishi. Popo akibanwa anauma, na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua, vimepatikana kwa popo wa mapangoni kule Uganda. Lakini mwanakijiji angesogea pale wavuni angeona mengine pia. Angeona popo akinasuliwa taratibu, miguu kwanza, kisha bawa moja moja, lisichanike. Anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, anapimwa uzito, anapimwa mfupa wa mkono, anaangaliwa kama ananyonyesha, halafu anaachiwa aende zake. Angewaona madume wenye vishungi vyeupe mabegani. Angeambiwa kwamba ukimwacha popo mtini bila kumshika, hana haja na wewe.

Faida zake ni nyingi: wako wanaokula wadudu usiku kucha, wako wanaochavusha mibuyu, wako wanaosambaza mbegu za mvule.

Pemba wameshatuonyesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 popo wakubwa wa kisiwa kile, wasiopatikana kwingine kokote duniani, walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wahifadhi wakakaa kitako na wanavijiji, vikaundwa vikundi vya kulinda miti wanakolala, kama kule Kidike. Katikati ya miaka ya 2000 idadi yao ilikuwa imepita 20,000. Na hao ni watu ambao mwaka 1995 walilala nje ya nyumba zao kwa hofu ya popobawa, lile zimwi linalosemwa kuvamia watu usiku! Waliweza kwa sababu kuna aliyekaa nao akawaeleza.

Sasa kibali kinaombwa Nairobi, ripoti inaandikwa Ulaya, na mwenye mwembe hajui hata jina la popo wake. Haki iko wapi hapo? Baraza la chifu lipo, msikiti upo, shule ipo. Kabla ya mlingoti wa kwanza kusimikwa, waiteni wazee, muwaeleze glovu ni za nini. Kazi ikiisha, rudini muwaambie mmepata nini. Mkihitaji wa kuwatafsiria kwa Kigiriama, mimi nipo.