Ukitugawia katuni ya bure, tumalizie hadithi

Kila mwaka maboksi ya vitabu vya katuni vya bure hugawiwa watu ili kutangaza visa vya fantasia: mapanga yenye nguvu, majoka, watoto wenye vipawa, falme zilizopotea. Vichache hufika Nairobi kwenye mabegi ya wageni wa maonyesho ya katuni kama NAICCON. Vingine huja kama PDF inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Vingi vina kasoro ile ile. Jalada linang'aa, kurasa kumi za kwanza zinapandisha vita, kisha unakutana na "Itaendelea" na picha ya kitabu kinachouzwa kwa dola. Msomaji wa Kayole au Rongai atakitoa wapi? Amepewa nusu ya kisa na anwani ya duka lililo ng'ambo ya bahari. Kurasa nane zenye mwanzo na mwisho zingemfaa zaidi ya ishirini na nne zilizokatwa shingo.

Kasoro hiyo ina chanzo chake. Nchini Marekani kuna Free Comic Book Day, siku iliyoanza Mei 2002 kwa wazo la Joe Field, mwenye duka la katuni California. Ilipangwa iangukie kesho yake baada ya filamu ya kwanza ya Spider-Man kutoka, na tangu hapo kwa kawaida huwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mwaka 2020 corona iliitawanya ikawa msimu mzima wa kiangazi. Jambo ambalo wengi huku hawalijui ni kwamba nakala zile ni bure kwa msomaji tu. Mwenye duka huzinunua kwa mchapishaji, kwa senti chache kila moja, na anategemea kwamba mtoto aliyeingia kuchukua kitabu cha bure atatoka na kingine cha kulipia. Kwa hiyo hadithi ikikatwa katikati kule hakuna anayeumia sana, kwa sababu sehemu ya pili iko hapo hapo kwenye rafu, hatua tatu kutoka mlangoni.

Nairobi haina rafu hiyo. Maduka ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya kiada, na vitabu vya kando ya barabara katikati ya jiji ni mitumba: leo utapata toleo la nne, la tano hutaliona maisha yako yote. Ukileta mtindo wa kukata hadithi katika jiji la namna hii umemwonyesha mtu chakula kupitia dirishani.

Waliofanikiwa kugawa katuni za bure hapa walianza na swali la mahali msomaji alipo. Shujaaz ilipoanza mwaka 2010 ilipita ndani ya gazeti la Saturday Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, ikiongea Sheng. Haikuwa fantasia, maana vijana wake walikuwa wa mtaa, lakini funzo la usambazaji linabaki. Gazeti linafika kwa kinyozi, na kwa kinyozi nakala moja husomwa na watu wengi kabla haijafungia mandazi. Na asidhani mtu kwamba fantasia ni ugeni hapa. Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, alichora Akokhan kwa ajili ya magazeti, na watu waliifuata.

Katuni za matangazo za zamani nazo zilijua kukamilika. Kampuni ya vinyago ya Mattel ilipotoa wanasesere wa shujaa He-Man mwaka 1982, kila pakiti ilikuwa na kijitabu kidogo. Katuni ya televisheni ilikuwa bado, ikaja mwaka uliofuata, kwa hiyo kijitabu ndicho kilichomweleza mtoto huyu ni nani na yule adui wake mwenye uso wa fuvu anataka nini. Vile vya kwanza havikuwa hata na viputo vya maneno. Vilikuwa picha na maelezo chini yake, kisa kimoja kikaisha. Atari, kampuni ya michezo ya video, mwaka huo huo wa 1982 walikwenda mbali zaidi na mchezo wa Swordquest. Mchezo ulikupa namba ya ukurasa na namba ya kisanduku, ukafungua katuni iliyochorwa na George Pérez kwa kampuni ya katuni ya DC, ukatafuta neno lililofichwa ndani ya mchoro. Katika awamu ya kwanza, Earthworld, maneno yaliyohesabika yalikuwa ya kurasa zenye namba tasa tu, na tuzo ilikuwa hirizi ya dhahabu na vito yenye thamani ya dola 25,000. Awamu ya nne haikutoka enzi hizo, kampuni ilikuwa imeshayumba. Lakini angalia walivyoifanya katuni ya bure kuwa kitu cha kutumia: mtu aliishika mkononi wiki nzima akisaka maneno. Mbinu hiyo inagharimu kichwa tu, na mchapishaji yeyote wa Nairobi anaweza kuiiga kesho.

Sasa tuseme kampuni ya michezo, sinema au vitabu ya hapa imeamua kutoa katuni yake. Ushauri wangu ni kurasa 16 za A5, jalada likiwa miongoni mwazo, zilizopigwa pini katikati. Idadi lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne; anayeleta 14 atarudishiwa mbili tupu. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 2 ni ramani na majina ya waliofanya kazi, 3 hadi 14 ni hadithi, wa 15 unaeleza muendelezo unapatikana wapi na kwa bei gani, wa 16 ni wa mdhamini. Hadithi imebaki na kurasa 12. Kwa visanduku vinne au vitano kila ukurasa unapata 48 hadi 60, na hivyo vinatosha tatizo moja, adui mmoja na suluhisho moja. Havitoshi historia ya ufalme kwa miaka elfu moja, na hapo ndipo waandishi wengi wa fantasia hujikwaa: ukurasa wa 3 mzima unakuwa hotuba ya mzee mwenye ndevu. Weka historia kwenye ramani ya ukurasa wa 2. Hadithi ianze mtu anapokimbia.

Kurasa za kushoto, zenye namba shufwa, ndizo msomaji huziona anapofunua. Cha kushtua kiwe hapo, siyo kulia ambako jicho limeshakichungulia. Katika kitabu cha kurasa 16, ukurasa wa 8 na wa 9 ndizo pekee za ndani zinazokaa bega kwa bega kwenye karatasi moja isiyokatika. Joka lako la kurasa mbili liwe hapo. Ukiliweka 6 na 7, kila nusu itachapwa upande wake, na baada ya kukunjwa shingo itapishana na mwili kwa milimita moja au mbili. Hata hapo katikati, uso usikae kwenye mkunjo. Pini itapita puani.

Lugha ndiyo sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo hupewa jioni moja kabla ya kwenda kwa mpigachapa. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. "Nitakapomkamata" ni neno moja lenye herufi kumi na tano, na kiputo chembamba kilichochorwa kwa ajili ya Kiingereza hakiwezi kulimeza. Mfasiri hulikata kwa kistari, au hupunguza herufi hadi hazisomeki. Viputo vichorwe vipana, maneno yasizidi kumi na tano kila kimoja, na maandishi yasishuke chini ya ukubwa wa pointi 7.5 kwenye A5 iliyokamilika. Kagua pia fonti ya katuni uliyopakua: nyingine hazina ritifaa, na "ng'ombe" wako atatoka na kisanduku tupu katikati ya pembe.

Kuna shida ya majina vilevile. Mfasiri akikutana na mzee mwema mwenye fimbo ya nguvu huandika "mchawi", na hapo kazi imekufa. Kwa mzazi wa Nairobi mchawi ni mtu anayeloga majirani; kitabu kitaishia jikoni kuwasha jiko. "Mganga" nako kunaleta mabango ya kwenye nguzo za stima. Afadhali cheo kilichobuniwa, "Mlinzi wa Fimbo" kwa mfano, kuliko neno lenye mzigo. "Mbilikimo" litumike kwa uangalifu, kwani limebandikwa watu halisi. Joka na zimwi hazina shida, zimekuwa nasi tangu enzi za paukwa pakawa.

Mchoraji anayefanya kazi kwa mkono atumie A3, ambayo ni mara mbili ya A5 kwa upana na kwa urefu. Kila mstari utapungua nusu. Kalamu ya 0.1 itatoa uzi wa milimita 0.05 ambao mashine itaudondosha, kwa hiyo asishuke chini ya 0.3. Wino mweusi uskaniwe kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, rangi 300 kwa ukubwa wa mwisho, na kila picha inayogusa ukingo izidi kwa milimita 3 ili kisu kisiache utepe mweupe.

Rangi za fantasia ndizo mtego mkubwa. Ile zambarau ya uchawi na kijani kinachowaka kwenye skrini havipo katika wino nne za mtambo. Zambarau hugeuka maji ya zabibu, kijani hugeuka majani yaliyokauka. Geuza faili iwe CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, kabla ya kupaka rangi, siyo baada. Mwanga wa uchawi upatikane kwa kuzungushia giza: manjano hafifu ndani ya samawati iliyokoza huonekana kuwaka hata kwenye karatasi duni. Na giza lenyewe lina kipimo. Ukijaza wino zote nne asilimia mia, jumla ni 400. Karatasi haikauki, na ile inayoilalia inapakwa masizi. Jumla isipite 300. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake, la sivyo pleti (mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino) zikisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli chekundu.

River Road na mitaa inayoizunguka kuna wapigachapa wa kila kiwango. Uliza kwanza mashine yao inachukua karatasi ya ukubwa gani. Ya A2 inabeba kurasa nane za A5 kila upande, kwa hiyo kitabu chote ni karatasi moja na pleti nane kwa rangi kamili. Ya A3 itahitaji karatasi mbili na pleti kumi na sita. Gharama ya pleti ni ile ile uchape nakala 200 au 2,000, na ndiyo maana chini ya 500 hivi huwa nafuu kwenda kwa mashine ya dijitali. Peleka kurasa moja moja kwa mpangilio wa namba. Usizipange jozi mwenyewe: kwenye karatasi, ukurasa wa 5 unakaa na wa 12, na wanaopanga 4 na 5 hupata kitabu ambamo adui anakufa kabla hajazaliwa. Karatasi ya gramu 130 inatosha kote. Omba nakala moja iliyokunjwa na kupigwa pini uisome hadi mwisho kabla mashine haijawashwa.

Kuhusu haki nitakuwa mkali kidogo. Kuchapa katuni ya shujaa wa kampuni ya kigeni ili kutangaza duka lako la michezo ni kosa hata ukiigawa bure. Kutolipisha hakukupi ruhusa. Mwenye leseni naye apange wiki za kusubiri, kwa maana wenye jina hutaka kuona mswada, michoro ya penseli na kurasa za mwisho, kila hatua kivyake. Mchoraji ajue jambo moja zaidi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila mkataba useme vingine. Ukimbunia mteja kiumbe kipya kwa makubaliano ya mdomo, kiumbe si chako tena. Andikeni, hata ukurasa mmoja, ni nani anabaki na nini.

Halafu kugawa. Mezani kwenye maonyesho, nakala huchukuliwa na wanaochukua kila kitu, pamoja na kalamu na peremende. Afadhali utenge mia tatu kwa vinyozi, maktaba za mitaa na saiba za karibu na shule, kila kundi likiwa na msimbo wake wa QR kwenye ukurasa wa 15, usiopungua sentimita mbili kwa upana ili simu ya bei ya chini iusome. Ukiona msimbo wa saiba umefunguliwa mara tisini na wa maonyesho mara nne, unajua boksi lijalo liende wapi. Msimbo usifungue faili ya megabaiti 60, maana watu wananunua bando za shilingi ishirini. Kurasa 16 zinakaa vizuri chini ya megabaiti 8, na ukizituma WhatsApp zitume kama hati. Zikienda kama picha, zinabanwa na viputo vinageuka ukungu.

Na pale kwenye ukurasa wa 15, kabla ya msimbo, pawe na bei kwa shilingi na mahali pa kununulia panapofikika kwa matatu moja. Kama sehemu ya pili bado haijachapwa, ukurasa huo ujazwe na kisa kifupi cha visanduku vinne.