Lodi Mwenye Kasri Asiye na Chake

Watu wanamwonea wivu Robert Crawley, yule lodi wa Kiingereza, bwana wa cheo cha kurithi, wa kwenye tamthilia ya Downton Abbey, eti ana kasri, ana mbwa, ana mtu wa kumvalisha koti. Wivu wa nini, jamani? Yule mzee hana chake. Kasri si lake, mashamba si yake, na fedha alizokuja nazo mkewe si za mkewe tena. Hata jina halitulii! Ukoo wao Crawley, cheo chake Earl wa Grantham, basi barua anasaini Grantham, mkewe Cora ni Lady Grantham, na mama yake mzazi, Violet, naye ni Lady Grantham. Ikabidi bibi mkubwa aongezewe "Dowager", maana yake mjane wa lodi aliyetangulia, vinginevyo barua zote zingefunguliwa na asiyehusika. Mabinti ni Lady Mary, Lady Edith na Lady Sybil, na Sybil hata alipoolewa na dereva wa gari la nyumbani alibaki Lady. Dereva yeye akabaki bwana tu, kama alivyokuja.

Sasa sikiliza mali ya kilodi ilivyofungwa. Kijana akitimiza miaka 21, baba anamwita ofisini. Kijana ana madeni ya kamari, mfukoni kukavu. Baba anasema: saini hapa, nitakupa posho kila mwaka. Anasaini! Saini hiyo inasema baba akifa, kijana atakula mapato tu mpaka naye afe, na mali yenyewe inamngoja mtoto wake wa kiume ambaye hata mimba yake haijatungwa. Mtoto huyo naye akifika 21, anaitwa ofisini. Kila kizazi kinanunuliwa kwa hela ya matumizi, na wanasheria wanakula pande zote. Ilipokuja sheria ya 1882, lodi akaruhusiwa kuuza ardhi, lakini hela ikawa inapita kwa wadhamini, watu waliowekwa kuilinda mali. Yeye anaisikia ikipita.

Na hela ilihitajika kweli. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilikuja kwa reli na meli za mvuke, bei ikaanguka, wapangaji wa mashamba wakashindwa kulipa kodi. Malodi wakafanya nini? Wakaenda kuoa Marekani kulekule! Na kule mahari hatoi mume. Binti ndiye anayekuja na mzigo. Mwaka 1895 Consuelo Vanderbilt aliolewa na Duke wa Marlborough, lodi wa cheo cha juu kabisa, na hisa za reli za dola milioni 2.5 zikaandamana naye. Cora wa Robert ni wa mtindo huohuo, ametoka Cincinnati. Baba yake Robert akahakikisha fedha ya Cora imefungwa humohumo kwenye mali ya ukoo. Haitoki tena, hata yeye mwenyewe akiililia.

Hapo ndipo balaa lilipokaa. Cora kazaa mabinti watatu, wa kiume hakuna. Mrithi ni binamu, James, na baada yake mwanawe Patrick. Baba na mwana wakapanda Titanic, Aprili 1912, meli moja, safari moja. Anayefuata ni Matthew, wakili wa Manchester, ndugu wa mbali kiasi kwamba hawajapata kukutana. Huyo ndiye wa kuchukua jina, kasri, mashamba na dola za Cora. Na bado hapewi hata kijicheo cha kuanzia, kwa sababu huenda Cora akazaa mvulana kesho, naye Matthew akarudi kuwa wakili wa Manchester. Basi kakaa mezani miaka, hajui kama anakula chakula chake au cha wenyewe.

Tuchukulie familia ile ingekuwa ya Kiislamu, Robert akafa, kesi ikaletwa kwa kadhi wa Lamu. Asubuhi moja ingetosha! Mali mafungu 24. Cora thumni, yaani moja ya nane, mafungu 3. Mabinti thuluthi mbili, 16. Bibi mkubwa Violet sudusi, moja ya sita, 4. Limebaki 1, na hilo ni la Rosamund, dada yake Robert, kwa kuwa dada akikutana na mabinti huchukua masalia. 16 haigawanyiki kwa watatu, basi kadhi anazidisha kwa 3, yanakuwa mafungu 72, kila binti 16 yake mkononi. Matthew? Arudi Manchester na nauli yake mwenyewe. Kwa Waingereza, mama na mabinti zake watatu hawakuweza kumzidi kijana mmoja mwenye bahati ya kutopanda meli.

Usidhani Robert alijifunza. Sehemu kubwa ya hela ya mkewe aliirundika kwenye reli moja ya Kanada, Grand Trunk, ikazama. Na serikali nayo ilikuwa inangoja mlangoni: ushuru wa mirathi wa 1894 ulianza na asilimia 8 kwa mali kubwa kabisa, kufika 1919 ni asilimia 40. Utajiri wa lodi uko kwenye udongo, na mtoza ushuru anataka hela. Unauza mashamba ulipe, mwaka ujao mapato yamepungua, nyumba ni ileile na paa linavuja palepale.

Kinachonikera zaidi ni kifungua kinywa. Mke wa mtu analetewa chai kitandani. Asiyeolewa ateremke ngazi, avae vizuri, akae mezani na baba anayesoma gazeti lililopigwa pasi. Edith miaka yote anateremka, huku Mary, mjane, yuko juu anakula mayai kwenye mto. Kisha Edith akaolewa na Marquess, cheo kinachompita baba yake. Sasa kwenye karamu anamtangulia mama yake kuingia, na yule mdogo wa kuteremka ngazi ndiye wa kusubiriwa supu isipoe.