Miraba, Duara na Kuku wa Langoni

Shahada ya ustawi wa jamii huchukua miaka minne, na katika masomo yote hayo hakuna kilichonitia kiburi kama jenogramu, yaani mchoro wa ukoo ambamo mwanamume huwa mraba, mwanamke huwa duara, aliyefariki hukatwa kwa alama ya X, na waliogombana huunganishwa kwa mstari wenye meno kama ya msumeno. Nilipopangiwa Lamu kwa mafunzo ya nyanjani ya miezi mitatu, nilivuka kutoka Mokowe nikiwa na kalamu nne za rangi na rula, ilhali kandambili nilizisahau nyumbani Malindi.

Juma la kwanza mkuu wa ofisi alinituma mtaa wa Langoni kwa bibi mmoja aliyetaka kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi: kutazama kitambulisho, kuuliza anaishi na nani, kisha kurudi. Lakini mimi nilikuwa na ripoti ya chuo ya kujaza, na tena nilikuwa na rula.

"Ndoo mwanangu, keti," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, akinionyesha daka, yaani baraza ya mlangoni, na mahamri yakaletwa kabla sijafungua mkoba. Nikatandaza karatasi gotini, nikaanza na watoto. Wa kwanza ni fundi wa majahazi Matondoni: mraba. Wa pili ameolewa Shela: duara. Nilipouliza wa tatu, bibi aliinamisha kichwa.

"Huyo amezama Mombasa. Mwaka wa tano huu sijamtia matoni."

Tulifundishwa kwamba mtu akitaja msiba hapewi mawaidha, bali husikilizwa. Nikanyamaza kwa utaalamu mkubwa, kisha nikatoa kalamu nyekundu, nikaiweka rula sawasawa, nikamkata kijana wa watu pembe hadi pembe.

"Hiyo ni nini?"

"Ni alama ya marehemu, bibi. Pole sana."

Ukelele alioupiga ulimsimamisha punda aliyekuwa akipita na mzigo wa mawe, naye akaziba kichochoro, hivyo hata ningetaka kukimbia nisingepata njia. Majirani walitoka kwa milango yao wakiwa na miiko mikononi. Ndipo nilipoelezwa, na watu kama sita kwa pamoja, kwamba kijana hakuzama baharini, bali amezama mjini: amenogewa na Mombasa, wala simu za mamake hashiki. Akapigiwa papo hapo, mara nyingi, hadi akashika. Aliposikia mama analia kwamba ameandikwa maiti, akaahidi kupanda basi la asubuhi, na kweli kesho yake jioni alishuka gatini na begi lake.

Basi hapo nani angewaambia watu wa mtaa kwamba ile haikuwa ramli? Siku ya tatu nilikuta wanawake watano wakiningojea kwenye daka lile lile, pamoja na mzee mmoja aliyepotelewa na punda. Nilimfafanulia, kwa Kiswahili nilichokiona fasaha, kwamba kile ni chombo cha kutathmini uhusiano wa kifamilia.

"Naam, chombo," alikubali mzee. "Mtie punda."

Bibi, kwa upande wake, alinifungia kuku. Maadili ya kazi yanatukataza kupokea zawadi za tunaowahudumia, nami nilimsomea kifungu hicho chote huku akikaza kamba miguuni mwa kuku, kisha akanipachika ndege huyo kwapani. Mwalimu wangu alipokuja kunikagua juma lililofuata, alimkuta chini ya meza yangu ofisini. Alisoma ripoti yote kimya, akarudi kwenye mchoro, akauliza kwa nini pembeni kuna umbo lisilounganishwa na mtu yeyote. Nikamjibu kwamba, kwa kuwa jana alikuwa ametaga, nilionelea nimpe duara.