Chupa ya soda irudi dukani, kigoda niachie mimi

Kila nikishika simu siku hizi nakutana na mtu anayetufundisha kupamba chupa ya soda. Ipake rangi nyeupe, ibandike maua ya karatasi, ifunge kamba ya katani shingoni, basi, umeokoa mazingira. Mimi nakaa Majengo hapa Moshi, na duka la jirani limepanga kreti za soda mpaka usawa wa dirisha. Chupa ile hurudi dukani, ikatoka dukani ikarudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Ukiing'ang'ania iwe chombo cha maua umeiachisha kazi ingali na nguvu zake. Na mwenye duka bado anakudai chupa.

Msinielewe vibaya, kazi hizi nazipenda. Jumamosi zangu nyingi zinaishia barazani na mkasi, msasa na kopo la gundi. Kinachoniudhi ni uchaguzi wetu wa vitu. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikiisha rangi inageuka ndoo ya maji. Dumu la mafuta ya kula vivyo hivyo. Tairi likichoka linakuwa katambuga, na kopo tupu mafundi bati walikuwa wanalifanya koroboi kabla sijazaliwa. Hivyo vina wenyewe. Tafuta kilichofika mwisho kweli: sinia lililochunika maua, boksi la viatu, kigoda kilichobanduka rangi, fremu iliyovunjika kioo, khanga iliyochanika katikati lakini pindo lake zima. Na tafadhali, usiende kununua sinia jipya ili ulipambe lionekane la zamani. Nimeona watu wakifanya hivyo na wakapongezwa.

Kubandika huku wanakuita dekupaji, jina lililotokana na neno la Kifaransa la kukata. Jina ndilo geni, kazi yenyewe tumekulia ndani yake. Jiko la bibi kule Kibosho lilikuwa limebandikwa magazeti ukuta mzima, Uhuru na Mzalendo, kwa uji mzito wa unga, ili upepo wa mlimani usipite kwenye nyufa za mbao. Ukurasa mmoja ulibandikwa kichwa chini miguu juu, na huo ndio uliokuwa karibu na mahali pangu pa kukaa. Nilikuwa nausoma nimepinda shingo, nikisubiri chai ichemke. Ubaya wa uji ni mende. Waliula ule ukuta kidogokidogo, habari kwa habari, na kila mwaka bibi alibandika magazeti mengine juu yake.

Siku hizi natumia gundi nyeupe ya maseremala. Naizimua kwa maji kidogo tu, iwe nzito kama mtindi. Kabla ya hapo nasugua kitu kwa msasa mpaka kipoteze mng'aro wote, kisha nafuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Kama ni rangi ya miaka mingi, tumia msasa wa maji, fanyia nje, watoto wakae mbali, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Karatasi ipake maji kidogo kwanza ili itanuke kabla hujaibandika. Ukiibandika kavu, inatanukia pale pale kwenye gundi na hapo ndipo vinapotoka vile viputo. Halafu isawazishe kwa kidole kuanzia katikati kwenda pembeni. Gundi ikikauka inapotea machoni, unapaka vanishi mara mbili tatu, umemaliza.

Ingekuwa rahisi hivyo tangu mwanzo ningekuwa na nyumba nzuri sana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa waridi jekundu nililolichapisha kwa printa ya wino wa maji. Lilipogusana na gundi likatiririka, kile kiti kikaonekana kama kimechinjiwa kuku. Tangu hapo napeleka picha stesheneri nikatolewe fotokopi ya rangi kwenye ile mashine ya wino wa unga. Unga ule unayeyushwa kwa joto ukashika karatasi, hauogopi maji. Mara ya pili nilipaka vanishi mwezi wa nne, masika yamekolea, gundi haijakauka vizuri chini. Likabaki wingu jeupe kama maziwa yaliyomwagika, na liko vile vile mpaka leo. Sasa wakati wa mvua nasubiri siku mbili nzima, hata kama mikono inaniwasha.

Kigoda ndicho kilichoniingiza matatani. Nilikuwa na pindo la khanga lenye jina lake kamili, Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikalibandika kwenye kikalio, nikazungushia pembeni vipande vya mji, ile sehemu ya katikati, wa khanga ile ile, nikapaka vanishi. Kilipendeza, nasema kweli. Mama alipokuja kutoka Kibosho nikamsogezea akikalie. Hakukaa.

"Hii khanga umeikata wewe?"

"Ilikuwa imeshachanika, mama."

"Ikichanika ndiyo uikalie? Maneno ya kukaribishia watu unayawekea makalio?"

Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Nilikuwa nimewaza rangi na mpangilio, yeye akawaza jina. Nikaloweka kikalio kwa matambaa ya maji ya moto, nikabandua pindo polepole, likachanika kwenye neno la mwisho tu. Sasa liko kwenye sinia la bati, na sinia hilo linatoa karanga na ndizi mbivu kwa wageni. Chai hapana. Gundi hii hulainika kwa joto, ukiweka birika la moto juu yake linaacha duara, na likishika sana linaondoka na herufi.

Jioni ile mama alikaa akinitazama nakata, akasema yeye ni mzee mno kwa mambo ya karatasi. Nikamwambia habari za Mary Delany, mjane wa Kiingereza aliyeanza kukata maua ya karatasi akiwa na miaka 72, kipande kwa kipande, akiyabandika kwenye karatasi nyeusi. Alitengeneza karibu 1,000 kabla macho hayajamkatalia, nayo yamehifadhiwa British Museum, London. Mama akauliza kama huyo bibi alikuwa na ng'ombe wa kukatia majani.

Lakini wiki mbili baadaye bodaboda alishusha mlangoni kwangu sanduku lake la bati la shule ya bweni, kutu kwenye pembe, rangi ya bluu imebaki kwenye kifuniko tu. Ndani kulikuwa na bunda la kalenda za parokia zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Baada ya muda simu ikalia. Kalenda zote nikate nitakavyo, akasema, isipokuwa ile ya 1990, mwaka aliokuja Papa Yohane Paulo wa Pili hapa Moshi. Hiyo Septemba ibandikwe nzima, ndani ya kifuniko, aione kila akifungua.

Nimeshapima. Imezidi kifuniko kwa vidole viwili.