Mzee, Hicho Kinachoning'inia Sikioni Ni Nini?

Kwa kuwa Katibu wangu mpendwa ameshaisambaza klipu kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na ameianzia pale cheche zinaporuka, bila maelezo yoyote, ngoja niseme mwenyewe. Mlioniuliza pembeni kama ni kweli mimi, mwenyekiti, nimevunja sanduku la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: hapana, jamani. Lilikatwa kufuli tu. Kwa amri yangu. Mbele ya wenye pesa zao.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuvunja, yaani kugawana pesa za mwaka. Waliowahi kuwa kikobani wanajua ilivyo. Wiki nne za mwisho hakuna mkopo mpya, madeni yote yanarudi, kwa hiyo sanduku linakuwa zito kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Tuko watu 25, hisa moja shilingi 2,000, na kila wiki mtu ananunua hisa moja hadi tano. Halafu ni Desemba, ada za Januari zimeshaanza kuwakosesha watu usingizi. Hakuna aliyekuja kusikiliza hotuba. Mimi nilikuja nayo, kurasa mbili, mada: uwajibikaji wa kiongozi. Na koti nilivaa.

(Koti msilicheke bado. Lina kesi yake.)

Sanduku letu lina makufuli matatu, kama la vikundi vingi. Funguo wanazo wanachama watatu ambao si viongozi, hawakai nyumba moja, na sanduku halilali kwa yeyote kati yao. Mhazini akipata shetani usiku, anabaki na sanduku asiloweza kulifungua. Wenye funguo wakimpata, wana funguo ila hawana sanduku. Ili wizi ufanyike lazima watu wanne wapatane, na huku Mbagala watu wanne hawajawahi kupatana hata nauli ya bajaji. Mshika ufunguo akisafiri, ufunguo anakabidhiwa mwanachama wa kawaida, mbele ya mkutano, Katibu anaandika. Mwenyekiti hagusi. Kwa nini? Kwa sababu ndiye anayeogopwa kuulizwa. Hicho ni kifungu cha 14 cha katiba yetu. Nilikiandika mimi, kwa mkono wangu, na nikakipigia mstari.

Sasa. Mkutano wa mwisho kabla ya kuvunja, mwenye kufuli la pili, tumwite Mama Vitumbua kwa sababu ndiyo kazi yake, alikuwa Tanga harusini. Akamtuma mjukuu alete ufunguo. Watu wakaanza kusukumiana nani aushike, mimi nikasema, "Leta hapa, tusipoteze muda." Tukafungua, wahesabuji wawili wakahesabu, wanachama wakatamka salio kwa pamoja ili kila mtu aondoke nalo kichwani, tukafunga. Mjukuu akakimbilia mpira wake. Hakuna lililoharibika, nikalala vizuri.

Siku ya kuvunja nikaita, "Wenye funguo!" Wawili wakaja, makufuli mawili yakafunguka. Mama Vitumbua hakuinuka.

"Mwenyekiti, wangu si unao wewe?"

Wallahi nilikuwa nimesahau. Tena si kusahau tu: kichwa changu kilikuwa na kumbukumbu safi kabisa ya mimi nikimrudishia yule mtoto ufunguo mkononi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Katibu naye hakuwa ameandika kitu kwenye daftari, maana nilishamwambia tusipoteze muda. Basi nikamjibu yule mama, mbele ya kikundi kizima, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia viongozi tukitaka kumkanyaga mtu bila kelele:

"Mama yangu, uwajibikaji ni kukubali."

Akaniangalia kidogo. "Haya, mwanangu."

Nikaagiza fundi wa grainda.

Kwa faida ya wenye makufuli: hukati mwili wa kufuli, unakata ule upinde wa chuma. Diski iwe nyembamba ya kukatia, si ile nene ya kusagia. Kufuli kubwa kama letu, la milimita 50, ukikata upinde upande mmoja haugeuki, ni mgumu; lazima ukate pande zote mbili. Na kama ndani kuna noti, funika sanduku kwa gunia lililoloweshwa maji, cheche zisiingie kwenye uwazi wa kifuniko. Fundi alijua yote hayo. Akavuta waya kutoka nyumba ya jirani, akaomba ndoo ya maji na gunia. Wakati anajiandaa, mimi nikautumia muda kuelimisha umma. Nikawaeleza kwamba huu utaratibu wa kuweka na kukopa kwa sanduku ulianzia Niger, kwa wanawake wa Maradi, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Nikaongeza kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, sisi ni daraja la nne, la vikundi vya kijamii vya fedha. Hakuna aliyeuliza.

Grainda ikalia. Nikaona huu ndio wakati wa kusoma kifungu cha 14, kwa sababu kwetu faini zinaingia kwenye fungu la hisa, na zinatakiwa ziingie kabla ya kugawana. Nikatia mkono mfuko wa ndani wa koti nitoe miwani.

Tuende polepole hapa, maana klipu ya Katibu inaanzia mbele kidogo ya hapa.

Miwani yangu ina kamba. Kamba, humo mfukoni, ilikuwa imenasana na utepe mwekundu. Kwenye utepe, ufunguo. Mimi nikaivuta miwani nikaivaa, macho kwenye katiba, na ufunguo ukabaki unaning'inia chini ya sikio la kushoto kama hereni. Nilihisi kitu cha baridi shingoni nikadhani jasho. Nikaanza kusoma kwa nguvu ili niishinde grainda.

"MSHIKA UFUNGUO ATAKAYESHINDWA KUULETA..."

Mhazini akainama, mabega yanatikisika. Nikadhani anamlilia Mama Vitumbua. Wahesabuji wakapigana viwiko. Mama Vitumbua mwenyewe hakucheka. Alifungua kanga yake, akaifunga upya vizuri, akakaa wima. Katibu akatoa simu. Nikajua ananirekodi kwa vile nasoma vizuri, nikainua kidevu. Kidevu kikainuka, ufunguo ukagonga fremu ya miwani. Ti. Nikatikisa kichwa, nikidhani mdudu. Ti, ti.

"...ATALIPA FAINI YA SHILINGI 5,000! AKIWA NI KIONGOZI, MARA MBILI! PAMOJA NA GHARAMA ZOTE ZA..."

Grainda ikazimwa. Kwa hiyo neno "KUFULI" nililipigia kelele kwenye ukimya mtupu.

Fundi akapandisha miwani yake ya kazi kwenye paji la uso. "Mzee, samahani. Hicho kinachoning'inia sikioni ni cha kufuli hili? Maana nimeshakata upande mmoja. Nimalizie au niache?"

Nikapeleka mkono. Nikaushika. Nikautambua utepe. Mbaya zaidi, wafuasi wangu, mdomo ulijaribu kuendelea na hotuba peke yake: "Naam, ndugu wanachama, kama nilivyokuwa nasema..." Hapo ndipo kile kicheko mnachokisikia.

Tuliujaribu ufunguo. Tundu lilikuwa limejaa unga wa chuma, kufuli lenyewe la moto, ufunguo ukaingia nusu ukagoma. Fundi akamalizia upande wa pili akiwa anacheka, jambo ambalo kwa mtu mwenye grainda si salama.

Mengine haraka haraka. Fundi 10,000, kufuli jipya 15,000, mfukoni kwangu. Faini ya kiongozi, 10,000. Ikaonekana mwenyekiti kugusa ufunguo kumekatazwa lakini hakuna faini, Mama Vitumbua akapendekeza 20,000, mikono yote ikapanda, ule wa mke wangu ukitangulia. Nikaomba radhi, yule mama akasema hajasikia, nitumie sauti ile ile ya kusomea katiba. Nikaitumia. Majirani wakatoka nje.

Pesa zikahesabiwa: 10,375,000 kwa hisa 4,150, kila hisa 2,500. Faini zangu mbili peke yake ziliongeza kama shilingi saba kila hisa. Mama Vitumbua ananunua hisa tano kila wiki, ana 260, na kabla Mhazini hajawasha kikokotoo alishapata jibu: kama 1,880 hivi, zimetoka kwangu.

Akazifunga pesa zake kwenye pindo la kanga. "Mwenyekiti," akasema, "mwakani gombea tena."