Inchi 47, siku sita kabla? Acheni utani

Kila Novemba ikifika katikati, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, hujaa ramani ile ile ya zambarau ya utabiri wa theluji. "Jumapili inchi 47!" Na leo ndiyo kwanza Jumatatu. Jumanne inakuja nyingine: inchi 6. Basi watabiri wanaitwa waongo. Mtabiri gani? Hiyo ni modeli moja, yaani programu ya kompyuta ya kukokotoa hali ya hewa, hesabu ya mara moja, iliyopigwa picha na mtu anayewinda wafuasi.

Siku tano kabla, theluji ya ziwa, ile inayozaliwa hewa baridi ikipita juu ya maji yenye joto zaidi, haitabiriki kwa inchi. Kinachotabirika ni mazingira yake, tena vizuri. Erie, ziwa lililo kando ya Buffalo, ni la kina kifupi, wastani wa mita 19. Katikati ya Novemba maji huwa bado na joto la nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Hewa ya Kanada ikipita juu yake, linganisha joto la maji na la hewa iliyo kwenye kimo cha mita 1,500. Tofauti ikifika nyuzi 13, theluji ya ziwa inawezekana. Maji 10, hewa hasi 8? Hapo ni 18, kaa chonjo. Hilo modeli kubwa huliona mapema.

Kazi iko kwenye upepo. Ziwa limelala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, kilomita 388. Upepo ukiufuata urefu huo, unyevu wote hukusanyika kwenye mkanda mmoja wa upana wa kilomita 10 hadi 30, unaoweza kumwaga inchi mbili tatu kwa saa. Upepo ukigeukia magharibi, mkanda unashuka Hamburg na Orchard Park, vitongoji vya kusini mwa Buffalo. Ukirudi kusini, unapanda mjini na kuelekea Tonawanda, kaskazini. Sasa piga hesabu: ukikosea nyuzi 10 tu za mwelekeo, baada ya kilomita 100 umekosea kilomita 17. Novemba 2014, mashariki ya Buffalo palianguka zaidi ya futi 5, na maili chache kaskazini inchi za kufagia tu. Programu ya simu ingekupa "inchi 20", kiasi ambacho hakingemfaa wa huku wala wa kule.

Tena modeli ya Marekani ya dunia nzima hugawa ramani kwa miraba ya kilomita 13 hivi, ya Ulaya kilomita 9. Kuchora humo mkanda wa kilomita 15 ni kama kuchora wanja kwa brashi ya chokaa. Ndiyo maana siku mbili za mwisho watabiri huegemea modeli ya miraba ya kilomita 3. Na ramani nyingi za mitandaoni huhesabu inchi 1 ya maji kuwa inchi 10 za theluji, ilhali theluji ya ziwa ni nyepesi, mara nyingi 15 au 20. Haya, kwenye kutabiri joto programu ya simu haikosei sana. Nimekubali, shingo upande.

Siku tano kabla, uliza hivi: modeli ya Ulaya huendeshwa mara 50 kwa mianzo iliyotofautishwa kidogo, ngapi zinaleta baridi na upepo wa urefu wa ziwa? Zikiwa 40, nunua dawa, unga na maziwa ya mtoto. Siku mbili kabla, soma tangazo la Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani: miji iliyotajwa na saa, inchi baadaye.

Mwaka 2022 mechi ya Bills, timu ya Buffalo ya mpira wa Kimarekani, ya Jumapili, Novemba 20, ilihamishiwa Detroit tangu Alhamisi, kabla uwanja wa Orchard Park haujafunikwa. Kisha zikaanguka takriban inchi 80. Wakati huo huo kuna waliokuwa wakibishana kuhusu ramani ya zambarau.

Na ukikwama garini, fukua kwanza bomba la moshi, ndipo uwashe injini.